Shilingi Ngapi Zinamtoa Mtu Kwenye Unyonge?

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, hapa Wete na katika miji mingine ya Pemba, huanza mazungumzo ya zaka: nani atatoa, atatoa lini, na foleni ndefu itakuwa mlangoni kwa nani. Wenye maduka huhesabu mali zao, hutoa asilimia 2.5 kama sharia ilivyoamuru, kisha wengi wao huzivunja fedha hizo kwa noti za elfu tano na elfu kumi na kumgawia kila anayekuja. Sina shaka na nia zao hata kidogo. Swali lililonishughulisha kwa muda mrefu, na ambalo nataka kulijadili hapa kwa urefu, ni lile ambalo mtoaji hajiulizi na mpokeaji huona haya kuliuliza: ni kiasi gani hasa cha fedha ambacho mtu akikipata, hali yake ya mwakani haitafanana na hali yake ya mwaka huu?

Hesabu yake ni nyepesi. Shilingi milioni 1 ikigawiwa watu 200, kila mmoja hupata shilingi 5,000. Fedha hiyo hununua mchele wa siku moja au mbili kwa familia ndogo, na ni jambo jema, kwa sababu mwenye njaa hasubirishwi. Lakini ukiandama Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wote 200 huwa wako pale pale walipokuwa Shaabani, na mwaka unaofuata hurudi mlango ule ule. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilipandishwa hadi shilingi 347,000 kwa mwezi, kwa hiyo milioni ile moja ilikuwa wakati huo karibu sawa na mshahara wa miezi mitatu wa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa. Huo si utajiri. Hata hivyo nimewaona watu waliotoka kwenye unyonge kwa fedha pungufu ya hiyo, na nimewaona wengine waliopokea zaidi ya hiyo, kidogo kidogo kwa miaka mingi, wasisogee hata hatua. Ndiyo maana naamini kwamba kiasi kinachobadilisha maisha ya mtu ni kidogo kuliko tunavyodhani, ila ni kikubwa kuliko tunavyozoea kutoa, na kwamba wakati wa kukitoa una uzito sawa na kiasi chenyewe.

Nianze na mwani, kwa sababu pwani zetu zimejaa wanawake wanaoufunga. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani kwa upande wa Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikavuka hadi Pemba, ambako sasa ndiko mwani unakolimwa kwa wingi zaidi. Maji yanapotoka wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, wakulima hushuka kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, na baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika na kuuza kwa kilo. Kazi hii ni ya kuinama ndani ya maji ya chumvi juani, na mzigo uliomwelemea mama kutoka baharini hupungua sana unapokauka, kwa hiyo anachobeba na anacholipwa ni vitu viwili vilivyo mbalimbali mno. Kwa miaka mingi kilo moja ya mwani mkavu ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi mia chache tu.

Mtu anayetazama kwa mbali atasema kuwa tatizo la mama huyu ni bei. Ukikaa naye utaona kwamba tatizo limeanza kabla ya bei kutajwa. Tangu kilimo hiki kilipoingia, utaratibu uliozoeleka ni kampuni au wakala kumpa mkulima kamba na taitai za kufungia, na mkulima kutakiwa amuuzie yule yule aliyempa vifaa, kwa bei atakayoitaja mwenye vifaa. Hakuna deni lililoandikwa katika daftari, lakini hakuna pia nafasi ya kumwambia mnunuzi kwamba bei yako siitaki. Mama mmoja tunayesali naye mtaa mmoja aliwahi kuniambia, "Maalim, kamba zake, bei yake. Mimi changu ni mgongo tu." Siku mwanawe anayefanya kazi Unguja alipomletea fedha za kununulia kamba zake mwenyewe, fedha ambazo hazikufika laki tatu, mama yule hakuongeza hata mstari mmoja wa mwani. Alichobadilisha ni mtu wa kumuuzia. Alipoona bei hairidhishi aliweka magunia ndani akasubiri, na sehemu nyengine alianza kuisaga na kuitia katika sabuni ambazo yeye na wenzake huziuza wenyewe. Laki tatu zile hazikumfanya kuwa tajiri, lakini zilimtoa katika hali ya kupangiwa bei na kumwingiza katika hali ya kupatana.

Kisa hiki kina ndugu yake mashuhuri huko Bangladesh. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, alikuta katika kijiji cha Jobra mafundi wa viti vya mianzi ambao walikuwa wakikopa fedha za kununulia mianzi kwa wafanyabiashara, na kwa sababu ya mkopo huo wakalazimika kuwauzia hao hao viti vyao kwa bei iliyowaachia faida ya senti chache kwa siku. Madeni ya watu wote 42 waliokuwa katika hali ile yalipojumlishwa, yalifika dola 27 za Marekani tu. Yunus alizitoa mfukoni mwake. Baadaye, mwaka 1983, ikaundwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengi hukumbuka benki na tuzo. Mimi huzikumbuka zaidi dola 27, kwa sababu thamani yake ilitokana na mahali zilipoangukia: ziliangukia baina ya fundi na mtu aliyekuwa akimpangia bei.

Uadilifu unanilazimisha kuongeza kwamba mikopo midogo ilipoenea duniani haikuleta matokeo makubwa yaliyotangazwa. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti 6 zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na kwa ujumla zilionyesha kuwa mikopo hiyo huwasaidia baadhi ya watu kupanua biashara zao, lakini haiinui kwa kiasi kikubwa kipato cha kaya ya kawaida. Kwa anayeijua hali ya kukopa, hilo si la ajabu. Mkopo ambao marejesho yake yanaanza wiki ijayo humlazimisha mtu kufanya biashara ya kuuza na kununua haraka, wakati mambo mengi yenye manufaa ya kudumu, kama mwani, mikarafuu au ng'ombe wa maziwa, yanataka subira. Fedha ambayo ni ya mtu mwenyewe humpa nafasi ya kusubiri, na subira hiyo ndiyo ambayo mnyonge hana uwezo wa kuigharimia.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko katika mikarafuu yetu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilikuwa kwa miaka mingi likinunua karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo, ambapo mkulima aliyepeleka kilo 50 zilizokauka vizuri aliondoka kituoni na shilingi 700,000. Kwa bei kama hiyo, mtu mwenye mikarafuu yake mwenyewe, hata ikiwa michache, angetarajiwa awe na msimu wa furaha. Lakini wenye mikarafuu wengi hawaufikii msimu wakiwa nayo. Miezi ya ukata kabla ya mavuno, mtoto anatakiwa apelekwe chuoni, mgonjwa anatakiwa avushwe kwa boti kwenda Unguja, au paa limeng'oka. Basi mwenye shamba humwendea mwenye fedha na kumkodisha mikarafuu ikiwa bado haijaonyesha itazaa vipi, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Msimu ukifika, aliyekodi huingia shambani na wachumaji wake, karafuu huanikwa kwenye majamvi yake, na fedha za kituoni ni zake. Mzee mmoja wa upande wa Konde alikodisha yake kwa laki moja na nusu ili alipe gharama za matibabu ya mkewe, na karafuu zilizotoka katika miti ile zilikuwa na thamani ya zaidi ya mara nne ya fedha aliyopokea.

Sitaki kumfanya mwenye kukodi kuwa mkosaji. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na iko misimu ambayo aliyekodi huambulia makonyo tu, yaani vikonyo vya karafuu, baada ya kulipa kodi na wachumaji, kwa hiyo anachukua hatari ya kweli, na siku ya dhiki yeye ndiye aliyekuwa na fedha mkononi wakati ndugu walikuwa hawana. Ninachokieleza ni kwamba laki moja na nusu zingemfikia mzee yule wiki moja kabla ya kwenda kukodisha, zingekuwa na nguvu ya laki sita. Fedha ile ile ikimfikia baada ya msimu, ni laki moja na nusu na hakuna zaidi. Mtu anayeuliza ni kiasi gani kinabadilisha maisha bila ya kuuliza ni lini, ameuliza nusu ya swali.

Wala historia ya visiwa hivi haikulisahau jambo hili. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa na rehani za wakopeshaji, kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuwekea mipaka uhamishaji wa ardhi kutoka kwa wenyewe kwa sababu ya madeni. Baada ya Mapinduzi ya 1964, ugawaji wa eka tatu tatu ulianza mwaka 1965, na maelfu kwa maelfu ya familia zikapata shamba kwa mkupuo mmoja. Yako mengi ya kujadiliwa juu ya namna ugawaji ule ulivyofanyika na juu ya walionyang'anywa, na huu si mjadala wa leo. Lakini hata anayeupinga anajua tofauti baina ya mtu aliyepewa eka tatu na mtu ambaye angepewa thamani ya eka tatu kwa mafungu ya vikombe vya mchele katika maisha yake yote.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba swali hili la kiasi limekwisha kujadiliwa kwa ufafanuzi na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi karne nyingi zilizopita. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza kuwa fakiri na maskini hupewa kile kitakachowatoa katika uhitaji na kuwafikisha katika utoshelevu wa kudumu, kisha anashuka katika mifano ambayo kila mfanyabiashara wa Darajani au Chake Chake angeielewa mara moja. Mwenye kuuza mboga apewe dirham, yaani sarafu za fedha za zama hizo, 5 au 10. Mwenye kazi ya kuuza vito apewe hata dirham 10,000, ikiwa chini ya hapo hapati cha kumtosha. Mshoni, seremala na mafundi wengine wapewe cha kununulia zana zinazowafaa. Na mtu wa mashamba apewe cha kununulia shamba, au hisa katika shamba, ambalo mazao yake yatamtosha daima. Wako wanavyuoni wa madhehebu nyengine waliosema apewe cha kumtosha mwaka mmoja, na wako waliotaka apewe chini ya hapo, lakini rai iliyo mashuhuri katika vitabu tunavyosomeshwa hapa Zanzibar ni hii ya kumtosheleza. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, alikuwa akisema, "Mnapotoa, toshelezeni." Tunavisoma vitabu hivi darsani, tunavisikiliza vikifasiriwa msikitini, kisha tunatoka na kugawa noti za elfu tano.

Nizingatie kidogo mifano ile, kwa kuwa ndani yake mna jibu. Imamu hakutaja kiasi kimoja kwa watu wote. Alianza kwa kumtazama mtu na kazi anayoijua, kisha akauliza kazi hiyo inahitaji nini ili imlishe. Kwa lugha ya soko letu, kijana anayechukua samaki Tumbe asubuhi na kuwatembeza vijijini kwa miguu anahitaji baiskeli yenye karia imara na fedha za kununulia mzigo wa kwanza bila ya kukopa kwa mwenye chombo. Mama anayepika mandazi na mikate ya kumimina anahitaji kiroba cha unga, dumu la mafuta na sukari ya kununua kwa jumla, kwa sababu sasa hivi ananunua kwa vibaba dukani, na faida yake yote inabaki katika tofauti ya bei ya kibaba na bei ya kiroba. Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, katika chombo cha mtu mwengine ni habari nyengine kabisa: mashine na nyavu ni mamilioni, na katika mgao sehemu ya chombo na nyavu hutoka kwanza kabla ya sehemu ya mabaharia. Kumpa mvuvi huyo laki mbili ni kumsaidia nyumbani kwake, na ni vyema, ila tusijidanganye kuwa tumemtoa katika mgao. Kwake yeye, hisa katika chombo, kwa mfano ule wa hisa katika shamba, ndiyo yenye maana.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas hadithi ya mtu wa Kiansari aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba. Mtume alimuuliza kilichomo nyumbani kwake, na vikaletwa nguo moja nzito na bakuli. Akavinadi, vikauzwa kwa dirham 2. Dirham moja alimwambia akanunulie chakula cha watu wake, na ya pili akanunue shoka, kisha Mtume akautia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni na wasionane kwa siku 15. Mtu yule alirudi akiwa amepata dirham 10. Hadithi hii husomwa mara nyingi kuwakemea waombaji, na inasikitisha kuona inavyopunguzwa maana. Tazama ile dirham ya chakula ilivyotangulia. Anayekwenda kuanza kazi hawezi kuianza na watoto wenye njaa nyuma yake, na shoka lisilosindikizwa na chakula cha siku za mwanzo lingeuzwa kabla halijakata mti wa tatu.

Nimelishuhudia hilo. Wafadhili fulani waliwahi kuwapa wasichana waliomaliza mafunzo ya ushoni vyerehani vipya, kila mmoja na chake, kwa sherehe na picha. Ilikuwa ni zawadi ya thamani na ya nia njema. Lakini hawakupewa fedha za uzi, vitambaa na kodi ya kibaraza, wala fedha za kula katika miezi ambayo mshoni mpya hana wateja, kwani mtu hampelekei kanzu ya sikukuu mshoni asiyemjua. Vyerehani kadhaa viliuzwa kabla ya mwaka kumalizika, na mtaa ukasema kuwa wasichana wale ni wavivu. Mimi nasema walipewa shoka wakanyimwa dirham ya chakula. Kama kiasi kingeongezwa kwa laki mbili tu kwa kila msichana, au hata vyerehani vingepunguzwa idadi ili wachache watoshelezwe, nadhani tungekuwa na mabanda ya ushoni yaliyosimama hadi leo.

Majirani zetu wa Kenya wamelipima jambo hili kwa namna ambayo sijui kama limepata kupimwa kwingine kwa upana huo. Shirika la GiveDirectly lilianza kwa kuzipelekea kaya maskini za Rarieda, pwani ya Ziwa Viktoria, fedha taslimu kwa simu, bila ya masharti ya kuzitumia. Baadhi ya kaya zilipata fedha zao kwa mkupuo na baadhi zikapata kila mwezi, na watafiti wakafuatilia. Waliopata kila mwezi walikula vizuri zaidi. Waliopata kwa mkupuo ndio waliozidi kununua vitu vya kudumu, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Baadaye, katika Kaunti ya Siaya, zaidi ya kaya 10,000 zilipewa kila moja takriban dola 1,000, na utafiti ulionyesha kuwa kila dola iliyoingia ilizungushwa katika maduka na vibarua vya vijiji jirani hadi ikaongeza uchumi wa eneo kwa takriban dola 2.5, huku bei za bidhaa zikipanda kwa kiwango kidogo mno. Na katika jaribio lao jengine, ambamo baadhi ya vijiji vimeahidiwa fedha ya kila mwezi kwa miaka 12, watu wengi walijiunga katika vikundi vya mchezo, wakachangishana zile fedha ndogo ili kila mmoja kwa zamu apate fedha kubwa. Kina mama wa Pemba wanaocheza mchezo kila wiki hawahitaji kuelezwa sababu. Walijua zamani kwamba elfu kumi kila wiki huliwa, na laki tatu kwa siku moja hununua kitu.

Hata hivyo nisije nikaifanya fedha ndogo ya kila mwezi kuwa haina maana, kwa sababu wako watu ambao kwao hiyo ndiyo haki. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii, shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, awe alichangia au hakuchangia, na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Bibi wa miaka 80 hahitaji mtaji wa baiskeli. Fedha ile humwezesha kununua dawa zake, kumpa mjukuu nauli ya skuli, na kutoa mchango wake katika hitima kama watu wengine bila ya kumtazama mwanawe usoni. Maisha yake yamebadilika kwa njia ambayo haionekani katika vitabu vya biashara, na anayetoa zaka kwa mzee au mlemavu asiyeweza kazi afuate mfano huo: kidogo, cha uhakika, kila mwezi. Makosa hutokea tunapompa kijana mwenye nguvu na ujuzi kile kinachomfaa bibi, na kumpa mara moja kwa mwaka.

Iko hoja nyengine inayoletwa kila ninapozungumza haya na wenye maduka, nayo ni kwamba mtu akipewa fedha nyingi kwa pamoja atazingirwa na jamaa. Hoja hiyo ni ya kweli. Mtu anayejulikana kuwa amepata milioni moja huletewa harusi, msiba na karo za mtaa mzima, na kukataa ni kujitenga na watu ambao kesho ndio watakaombeba. Lakini zipo njia. Fedha inaweza kutolewa kwa siri, kama sadaka nyingi zinavyopaswa kutolewa. Inaweza kulipwa moja kwa moja kwa muuzaji wa kamba au wa unga, iwapo mwenyewe ameomba iwe hivyo. Na linalotangulia yote ni kulipa deni lake la duka kabla ya kumpa mtaji, kwa sababu mwenye duka ndiye jamaa wa kwanza kuzingira, na wenye madeni wana fungu lao katika mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Sikubaliani na wale wanaotaka kumchagulia mtu kila kitu kwa hoja ya kumlinda. Mwani anaujua anayeufunga, na mtu mzima aliyelea watoto kwa shilingi elfu tatu kwa siku ana elimu ya fedha ambayo wengi wetu hatujapata kuihitaji.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa watoaji wa mtaa wetu ni la wastani. Wasiiache foleni ya Ramadhani, kwani wako wanaoitegemea kwa futari, na siku ya Idi zaka ya fitri ina kazi yake. Lakini nusu ya zaka ya mali waiweke pamoja, watoaji kadhaa kwa makubaliano, ama kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kupitia kwa imamu na watu wanaoaminika, na watosheleze watu wachache kwa jina na kwa kazi zao, mwaka hadi mwaka, ili aliyetoshelezwa mwaka huu asiwe katika orodha ya mwakani. Nusu ambayo ingekwenda kwa watu mia moja kwa elfu tano tano inatosha kumlipia mtu mmoja deni la duka, kumnunulia zana za kazi ndogo na kumwachia chakula cha mwezi wa kwanza. Najua kwamba mtu mmoja mbele ya mia moja anaonekana kuwa ni dhulma, na sitalipuuza hilo. Jibu langu ni kwamba baada ya miaka kumi, mtaa wenye watoaji kumi wa namna hiyo utakuwa na kaya mia moja zisizopanga foleni, na baadhi yao watakuwa wanatoa.

Nimeulizwa tuanze na nani, na nimependekeza tuanze na wenye mikarafuu ambao wako mbioni kuikodisha. Kumiliki miti michache hakumtoi mtu katika umaskini kisharia, ikiwa mazao yake hayamtoshi, na madhehebu yetu yanaruhusu mtoaji kuitanguliza zaka yake kabla ya mwaka kutimia, kwa hiyo hakuna haja ya kungojea Ramadhani ilhali shida imekwisha kubisha hodi. Wa mwani anaweza kusubiri bamvua lijalo, na mshoni anaweza kusubiri msimu wa sikukuu. Mwenye mikarafuu akishapokea fedha ya kukodisha, zaka inayomjia baada ya hapo itamkuta akichuma kwa malipo ya pishi, yaani kwa kipimo cha alichochuma, katika shamba lake mwenyewe.